Jino Zima Ndani ya Kiberiti

Mama alikuwa anakula mkate wa kumimina. Si muwa, si bisi, si mfupa wa mbuzi. Mkate wa kumimina, kitu ambacho hata kibogoyo anakimung'unya. Akaacha kutafuna, akapeleka vidole viwili mdomoni, akatoa kitu, akakiweka kwenye kisahani kando ya kikombe chake cha chai.

Jino.

Hakupiga kelele. Alisukutua, akaenda kutema uani, akarudi na kusema, "Hilo la tatu." Kisha akavuta kikombe, akaendelea kunywa.

Mimi ndiye niliyeshindwa kuendelea. Nililichukua lile jino, nikalisafisha, nikaligeuzageuza chini ya tochi ya simu nikitafuta tundu. Maisha yangu yote nilijua jino hutoka kwa njia moja: linaoza, linauma, mtu halali usiku, linang'olewa. Hili halikuwa na tundu. Lilikuwa na madoa ya chai na kokoto ya ukoga mgumu shingoni, basi. Mzizi wake ulikuwa mzima, mrefu kama msumari mdogo.

Jino zima linadondokaje?

Nikalitia ndani ya kiberiti kitupu. Swali likabaki nje, likanisumbua wiki tano.

Udongo umeondoka

Daktari wa meno tuliyemwendea Tanga mjini ni binti mdogo, nadhani ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Alimwamkia mama shikamoo kwa kuinama kidogo, mama akamwitikia marahaba huku akimpima kwa macho, kama kwamba yeye ndiye aliyekuja kumkagua. Picha ya eksirei ilipotoka, binti akaiweka kwenye skrini na kuonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Mama, mfupa wa taya ulitakiwa ufike hapa, karibu na shingo ya jino. Sasa uko hapa."

Kalamu ikashuka. Ikapita nusu ya mzizi, ikaendelea kushuka.

"Jino halina kosa. Limekosa pa kusimamia."

Fizi za mama zilikuwa zikivuja damu tangu nikiwa sekondari. Alishaenda zahanati moja mara tatu au nne, akapewa antibayotiki na dawa ya bluu ya kusukutua, akarudi nyumbani. Hakuna aliyepiga picha. Na sisi watoto hatukuuliza, kwa sababu fizi kutoka damu tulikuwa tunaihesabu kama mafua, kitu kinachokuja na kuondoka. Nimeona baadaye kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi. Wengi wao, nadhani, wanangoja jino la tatu kama sisi.

Mama akauliza swali ambalo ningeliuliza mimi. "Hao wadudu ndio wamekula mfupa?"

Binti akatikisa kichwa. "Bakteria wameanzisha ugomvi tu, mama. Mfupa umeliwa na mwili wako mwenyewe."

Mama akanyamaza kidogo. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Halafu akajisahihisha, "Ki kinywani."

Tulicheka wote watatu. Lakini sentensi ile ya daktari niliondoka nayo, na ndiyo iliyonikosesha usingizi. Bakteria ningewaelewa. Mwili kujila mfupa wake kwa miaka ishirini, bila homa wala maumivu, na kumwachia mama afikiri ni mafua?

Walaji

Nilianza kusoma usiku, nikitafuta nani hasa anakula.

Mfupa, kumbe, hautulii. Kila siku sehemu yake inabomolewa na kujengwa upya. Wabomoaji wanaitwa osteoklasti: seli kubwa zenye viini vingi, zinazoundwa kwa seli ndogo kuungana, na ukoo wake ni uleule wa askari wa kinga wanaomeza vijidudu. Osteoklasti hujibandika juu ya mfupa, ikaziba pembeni kama kikombe kilichofunikwa mezani, kisha ikamwaga tindikali na vimeng'enya humo ndani. Mfupa unayeyuka. Ikimaliza inaondoka, na wajenzi wanakuja kufukia.

Kwenye fizi iliyowaka kwa maambukizi, wabomoaji wanaitwa zaidi kuliko wajenzi. Wito wenyewe unapitia ujumbe mwingi wa kikemia, mmoja mkuu ukiitwa RANKL. Sitakuchosha nao, mimi mwenyewe ulinichosha.

Kilichonifanya nikae wima kitandani ni mjumbe mwingine katika orodha. Hakuwa protini wala homoni. Alikuwa gesi. Na gesi hiyo niliijua, kwa jina la kupanga, kutoka kwenye droo ya marehemu baba.

Kichupa cha kahawia

Baba alikuwa na moyo. Hivyo ndivyo tulivyosema nyumbani, "baba ana moyo", kana kwamba sisi wengine hatuna. Kifua kilipombana, alikaa chini popote alipo, akafungua kichupa cha kahawia, akaweka kidonge kidogo chini ya ulimi. Dakika mbili, tatu, uso unarudi. Sisi watoto tulisimama mlangoni tukihesabu.

Kidonge kile ni nitrogliserini. Ndiyo, ileile ya baruti. Alfred Nobel alitajirika kwa kuifunga ndani ya dinamiti, na mwaka 1896, miezi michache kabla ya kufa, daktari wake akamwandikia hiyohiyo kwa ajili ya moyo. Mwenyewe aliona kejeli ya jambo hilo na akaliandika katika barua.

Madaktari waliitoa kwa miaka karibu mia moja bila kujua inafanyaje kazi. Mwaka 1977 mtafiti Ferid Murad akaonyesha kwamba inaachia gesi ya nitriki oksidi. Kule Brooklyn, Marekani, mtafiti mwingine, Robert Furchgott, alikuwa akihangaika na vipande vya mshipa wa sungura. Siku moja fundi wake wa maabara akakosea mpangilio wa hatua, na mshipa uliotakiwa kujikaza ukalegea. Furchgott hakumfokea akapita. Alifuatilia kosa hilo mpaka akagundua kwamba utando mwembamba wa ndani ya mshipa unatoa kitu kinachoulegeza. Vipande vyake vya zamani vilikuwa vimekwanguliwa utando huo bila yeye kujua. Akachapisha mwaka 1980. Ilichukua miaka mingine kadhaa kukubali kwamba kitu hicho ni gesi, ileile ya Murad. Mwaka 1998, Furchgott, Murad na Louis Ignarro wakapewa tuzo yenye jina la yule mtu wa baruti.

Kinachonishangaza hadi leo ni ule ujinga wa gesi yenyewe, nisamehe neno. Haina ghala. Haibishi hodi. Inatengenezwa, inapenya kuta za seli kana kwamba hazipo, inafanya kazi yake sekunde chache, inakwisha. Mwili unatuma ujumbe kwa kitu ambacho hauwezi kukizuia kisiende kwa jirani.

Na gesi iliyomrudishia baba uso wake imekutwa, kwa wingi usio wa kawaida, kwenye fizi zinazooza za watu kama mama.

Nikadhani nimemkamata

Gesi moja, ila majiko mawili. Kwenye utando wa mishipa kuna kimeng'enya kinachoitengeneza kidogokidogo saa zote; fikiria moto mdogo wa bluu unaochemsha maharage kutwa nzima. Kwenye seli za kinga kuna kimeng'enya kingine kinacholala mpaka kengele ya maambukizi ilie. Kikiamka, kinafungua valvu yote na kinaweza kuiacha wazi kwa siku. Huo ni mtungi unaovuja chumbani.

Fizi ya mama ilikuwa na mtungi unaovuja. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Ushahidi ulijipanga vizuri mno. Mwaka 1998 watafiti, miongoni mwao Zsombor Lohinai wa Hungaria, walifunga uzi kwenye meno ya panya ili fizi ziwake, wakawapa baadhi yao dawa inayozuia kimeng'enya kile cha vita. Waliopewa dawa walipoteza mfupa kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2005 timu nyingine ilitumia panya waliozaliwa bila kimeng'enya hicho kabisa, ikawaambukiza *Porphyromonas gingivalis*, bakteria mashuhuri wa ugonjwa huu. Mfupa wao wa taya ulisalimika.

Ilikuwa saa nane usiku. Nikamwandikia daktari ujumbe mrefu, nikiuliza kwa nini hawafungi hiyo valvu, watu wakabaki na meno yao. Nikaufuta kabla ya kuutuma, si kwa hekima. Niliona haya ya saa.

Bahati yangu.

Mwaka mmoja baadaye

Usiku uliofuata nikakutana na kazi ya mwaka 2006. Panya bila kimeng'enya hichohicho, bakteria huyohuyo. Safari hii panya waliokosa gesi ndio walioharibika zaidi. Nikasoma tena nikidhani nimegeuza safu za jedwali. Halafu kuna ya 2008, maambukizi yakiwa kwenye ncha ya mzizi wa jino: waliokosa gesi wakapata uvimbe mkubwa zaidi, osteoklasti nyingi zaidi, na mfupa mdogo zaidi.

Nilifunga kompyuta. Nilikuwa na hasira, kama mtu aliyelipa fundi aliyeapa ameona tatizo, kisha akaja fundi wa pili akasema hapo hapana shida.

Nilichokuja kuelewa polepole, kwa kurudia na kurudia, ni kwamba nilikuwa nimeuliza swali la polisi: nani mwizi? Seli za kinga hazifungui mtungi kwa wehu. Nitriki oksidi kwa wingi inaua bakteria. Mnyime panya gesi hiyo, na pengine umempokonya askari silaha. Bakteria wanaenea, vita vinarefuka, wabomoaji wanaitwa kwa njia nyingine. Pia, tangu mwaka 1991 Ian MacIntyre na wenzake walishaonyesha maabara kwamba gesi hii ikimiminwa juu ya osteoklasti, seli hizo zinasinyaa na kuacha kula. Kumbe yule niliyemshika kama mshitakiwa ndiye pia anayewafukuza walaji mezani.

Ila haiishii hapo, maana gesi ikikutana na aina nyingine ya takataka za vita, yaani oksijeni iliyochajiwa, vinaungana na kuwa peroksinitriti, kitu kikali kinachochoma tishu za mwenyewe. Na ukirudi kusoma ile kazi ya 1998 kwa macho makavu, dawa waliyotumia ilikuwa pia inazima peroksinitriti. Basi ni kipi kilichookoa mfupa? Kufungwa kwa valvu, au kuzimwa kwa moshi?

Jibu linategemea kiasi, mahali, saa, na nani mwingine yuko chumbani. Ningefurahi zaidi kama lingekuwa jibu fupi.

Nilichoandika kwenye daftari

Kuna ukurasa wa daftari langu ambao naona aibu nao. Umeandikwa: *kidonge cha baba + fizi za mama?*

Hoja yangu ilikuwa hii. Ule moto mdogo wa bluu, gesi ya mishipani, unasaidia mfupa: panya wasio na kimeng'enya cha mishipa wana wajenzi dhaifu, na mfupa unapobebeshwa uzito, gesi hii ni mmoja wa wajumbe wanaowaambia wajenzi waamke. Basi kwa nini tusiongeze kidogo kwa dawa iliyopo tayari, ya bei nafuu?

Wenzangu wenye shahada walishawaza hivyo kitambo, tena kwa mifupa ya kiuno na nyonga ya kina mama waliokoma hedhi, kwa kuwapaka nitrogliserini ngozini. Jaribio la miaka 3 la Marekani lililochapishwa mwaka 2009 halikuona faida. Kisha mwaka 2011 jarida la kitabibu la JAMA likatoa matokeo ya Kanada yaliyong'aa: mfupa uliongezeka, tena sana. Moyo ulinidunda nikisoma. Nikashuka chini ya ukurasa, nikakuta maandishi kwamba makala hiyo imefutwa. Uchunguzi ulikuta takwimu zimechezewa.

Nilikaa na lile neno, *imefutwa*, kwa muda. Mimi sikuchezea takwimu za mtu. Ila niliijua ile tamaa: jibu limeshaandikwa moyoni, unasubiri namba zije kulikubali.

(Na kwa anayewaza kufungua kichupa cha mzazi wake: usithubutu. Dawa ile inashusha shinikizo la damu ghafla, mtu anaanguka. Wala hakuna aliyeonyesha kwamba inaponya fizi.)

Dawa ya bluu

Kuna tawi moja la hadithi hii ambalo bado linanivuta, na linaanzia ulimini.

Mboga za majani zina nitrati nyingi. Tukila mchicha, nitrati inaingia kwenye damu, tezi za mate zinaikusanya na kuirudisha mdomoni, na bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi wanaigeuza nitriti. Ukimeza, tindikali ya tumbo inaigeuza kuwa nitriki oksidi. Hili lilionyeshwa mwaka 1994. Kumbe mdomo una wapangaji wanaolipa kodi.

Mwaka 2013 watafiti wa London waliwapa watu 19 wenye afya dawa kali ya kusukutua, klorheksidini, kwa siku 7. Nitriti ya mate ikashuka, na shinikizo la damu likapanda kidogo. Na mwaka 2016 kule Würzburg, Ujerumani, watu wenye matatizo sugu ya fizi walikunywa juisi ya saladi kwa wiki 2. Fizi zao zilitulia zaidi kuliko za wale waliopewa juisi ileile iliyoondolewa nitrati. Ni fizi zilizotulia, nisisitize. Mfupa haukupimwa kwa wiki 2.

Niliangalia chupa ya bluu bafuni kwa mama. Mwaka wa sita huo anasukutua asubuhi na jioni, kwa sababu siku moja mtu aliandika dawa na hakuandika siku ya kuacha.

Swali la kwanza

Tuliporudi kusafishwa, nilikuwa na maswali kumi na moja. Daktari alinisikiliza kwa adabu hadi la nne. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, siku ile nilikuuliza kama umewahi kupima sukari, ukasema huli vitu vitamu."

"Sili."

"Tupime tu."

Kidole kikachomwa. Kipimo kikasoma 14.2, juu sana ya kawaida.

Swali lile aliuliza siku ya kwanza kabisa, nilikuwepo, nimekaa pale pale. Sikulisikia, kwa sababu nilikuwa natazama picha ya mfupa. Kisukari na fizi vinachocheana pande zote mbili, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Na ukitaka kurudi kwenye gesi, ipo hapo pia: sukari ikikaa juu muda mrefu, ule moto wa bluu wa mishipani unafifia, na moshi wa peroksinitriti unaongezeka. Majibu niliyatafuta kwa panya wiki tano, nayo yalikuwa kwenye tone la damu la dakika moja.

Kusafisha kulichukua karibu saa nzima. Ukoga mgumu ulitoka vipande vipande kama chokaa ya ukutani. Mama alishika mkono wangu, akaubana kila mashine ilipolia, na alipomaliza akatazama beseni na kusema, "Nyumba yote hiyo nilikuwa nimeibeba?"

Wiki sita baadaye fizi hazivuji. Anameza dawa ya sukari, analalamika kuhusu dawa ya sukari. Chupa ya bluu imekwisha na hatujanunua nyingine. Meno mawili ya jirani bado yanacheza kidogo. Mfupa ulioliwa kwa mtindo huu haurudi wenyewe. Nilimwuliza daktari tutajuaje kama tumefanikiwa. Akasema mwakani tutapiga picha nyingine, na tukiona mfupa uko pale pale ulipo, hiyo ndiyo habari njema.

Jana jioni umeme ulikatika. Nilimsikia mama jikoni akipapasa rafuni, akatikisa kitu, kikalia. Kimya kidogo.

"Wewe mtoto," akaita kutoka gizani, "njiti zangu umezipeleka wapi?"